Betri Nane za Mashua ya Duluti

Mafundi wenzangu mliobaki karakana, mmeniandama tangu siku ya kuniaga kwamba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai. Nimekubali kwa sababu moja. Wiki iliyopita nilipita hapo kuwasalimu, nikamkuta mmoja wenu anaongeza maji ya bomba kwenye betri ya lori. Nilimtazama, naye akanitazama, akasema, "Shikamoo mzee, ni kidogo tu." Nikarudi nyumbani Sekei nikatafuta kalamu.

Sitaandika juu ya vyeo. Vyeo nilivyopata viko kwenye majalada na majalada mnayo. Nataka kuandika juu ya betri nane zilizokuwa ndani ya mashua moja kule ziwa Duluti, wakati wa Mwingereza. Nimeshika betri za malori, za matrekta, za redio na za mitambo ya sinema, lakini hizo nane ndizo zilizonifundisha kazi, na ndizo zilizonikasirisha kupita zote.

Kazi niliianzia kwenye karakana ya Muhindi mmoja karibu na mto Themi. Nilitoka kwetu Poli alfajiri kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae, nikafika mjini jua limepanda. Mkuu wa chumba cha betri alikuwa Kalasinga mmoja aitwaye Gurmukh, mtu mrefu, ndevu zimefungwa kwa wavu, mikono imejaa makovu madogo meupe. Aliniuliza najua nini. Nikamwambia najua kusoma na kuandika, nimemaliza shule ya misheni.

"Vizuri," akasema. "Soma hii."

Akanipa kibomba cha kioo chenye mpira wa kufinya juu na kijiti kinachoelea ndani. Nilikigeuzageuza nikitafuta maneno, nikaona mistari na tarakimu tu. Akakichukua, akakizamisha kwenye betri, akafinya mpira, akavuta tindikali, akanionyesha pale kijiti kiliposimama.

"Naelea juu, betri mzima. Nazama, betri mgonjwa. Hii ndiyo kusoma. Ile ya misheni ni ya Jumapili."

Hiyo ndiyo haidromita, ambayo ninyi siku hizi mnaiacha kwenye droo mkigonga betri kwa kidole kana kwamba ni nazi.

Siku ile ile tindikali ilinirukia kwenye kaptula, matone matatu au manne. Sikuyajali, maana hayakuacha hata alama. Gurmukh aliona, akanyamaza. Jumamosi niliifua kaptula, nikaipiga pasi, na Jumapili nikaivaa kanisani. Tuliposimama kwa wimbo wa kwanza nilisikia upepo mahali ambapo haupaswi kufika. Nyimbo zilizobaki niliziimba nimekaa. Mchungaji aliniuliza mlangoni kama naumwa, nikamjibu kwamba naumwa. Jumatatu nikamuuliza Gurmukh kwa nini hakunionya.

"Nikikuambia, utasahau," akasema. "Sasa hutasahau."

Alikuwa na haki, na hilo nalo liliniudhi.

Mkononi alivaa bangili ya chuma ya dini yake, ambayo hakuivua hata akioga. Kila asubuhi kabla ya kugusa betri aliizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu. Nilipomuuliza sababu, alichukua spana kuukuu akaiangusha juu ya vichwa viwili vya betri ya lori. Cheche zilirukaruka, spana ikawa nyekundu katikati, akaipiga kwa rungu ikadondoka sakafuni. "Huu ungekuwa mkono wangu," akasema, akaendelea na kazi. Ndiyo maana nilikuwa nawavua pete zenu za ndoa mlangoni, na ndiyo maana wake zenu hawanipendi.

Mengine aliyonifundisha ni haya. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukifunga, waya huo uwe wa mwisho. Vichwa vyenye unga wa kijani visuguliwe kwa maji ya magadi, vikaushwe, vipakwe vaselini. Lakini magadi yasiingie ndani ya betri hata chembe. Tindikali ikimwagika sakafuni, magadi. Ikiingia machoni, maji, maji, na maji zaidi, wala usitafute dawa nyingine.

Tena maji ya kuongeza yasiwe ya mfereji wala ya bomba. Maji ya kwetu mnayajua. Yanashuka kutoka Meru baridi na matamu, na yanawapaka watoto wetu meno rangi ya kahawia hadi wanazeeka nayo. Maji yanayoweza kulifanyia jino hivyo, yatalifanyia nini bamba la madini ya risasi ndani ya betri? Gurmukh alichemsha maji, akapoza mvuke wake, akayahifadhi kwenye mtungi wa kioo alioandika kwa rangi nyekundu BETRI TU. Mpika chai wa karakana aliuchukua mara mbili kwa kuwa maji yake yalikuwa safi.

Nilikuwa na miaka michache kazini, sasa nafanya kazi bila kusimamiwa, ndipo tulipoitiwa mashua. Ilikuwa ya Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Tengeru, aliyewahi kuwa ofisa wa meli. Kila mtu alimwita Kapteni. Mashua yake ilikuwa ya mbao, ndefu kuliko lori, nayo haikuwa na injini ya petroli. Iliendeshwa kwa mota ya umeme, kwa sababu Kapteni alipenda kutazama ndege wa ziwani na hakutaka kelele. Umeme ulitoka kwenye betri nane zilizopangwa nne nne chini ya viti vya ubavuni, zimeunganishwa kwa waya mnene wa shaba. Bandani kando ya gati kulikuwa na jenereta ndogo ya kuzichaji.

Mtunza mashua alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, jina lake Loishiye, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha ziwa kwa kidevu.

"Hapa hakuna chini," akasema. "Ng'ombe akizama hapa, anatokea nchi nyingine."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Sasa mbona unafanya kazi ya mashua?"

"Kazi ndiyo ilikuwa hapa," akasema.

Nilifungua mbao za viti nikapima betri moja moja. Ya tatu na ya sita zilikuwa taabani. Zote zilikuwa na ukungu mweupe kwenye mabamba na tope chini. Nikamuuliza Loishiye anaongeza maji gani.

"Maji safi."

"Maji safi ya wapi?"

"Ya mfereji. Nayanywa mwenyewe."

Huwezi kumgombeza mtu anayeipa betri maji anayokunywa mwenyewe. Nilimweleza, nikamwachia mtungi wa maji ya betri. Mwezi uliofuata niliukuta umejaa vilevile, umefunikwa kitambaa, na maji ndani ya betri yameshuka mpaka mabamba yanachungulia. Nikamuuliza kwa nini hakuyatumia. Akasema yalikuwa mazuri mno, alikuwa anayatunza. Lakini baada ya siku hiyo Loishiye hakukosea tena. Alijifunza kusoma haidromita kwa mistari, bila kujua tarakimu, akawa ananiambia, "Ya tano imeshuka mistari miwili, Fundi," na nikipima nakuta ni kweli. Wasomi wa mjini sikuwapata wa namna hiyo.

Safari yenyewe ya kwenda Duluti ilikuwa adhabu. Makondakta hawakutaka sanduku lenye tindikali, na waliolikubali walililundikia mikungu ya ndizi. Siku moja nilishindwa kulichomoa tulipofika Tengeru, basi likaondoka nami, nikashukia Kikatiti, nikarudi kwa miguu na sanduku begani. Nilipofika, Kapteni alitazama saa yake akaniuliza kama Arusha hakuna saa.

Sasa niseme juu ya Kapteni. Betri ya tatu na ya sita zilipokufa kabisa, nilimwambia zote nane ni za rika moja, zimechoka pamoja, zibadilishwe pamoja. Akanunua mbili. Yasikilizeni haya, maana nanyi mnayafanya kwenye malori. Betri kuukuu haina nafasi tena ya kuweka umeme, kwa hiyo inajaa upesi. Mpya bado ina njaa. Mkizichaji pamoja, mnaendelea kuilisha mpya huku kuukuu zinachemka na kutoa hewa. Hewa hiyo huioni, na inawaka kwa cheche moja. Basi mpya haishibi, kuukuu zinaungua, na baada ya miezi michache mpya nayo imekuwa kuukuu.

Nilimweleza hivyo Kapteni, kwa utaratibu na kwa adabu. Alinisikiliza huku akisafisha darubini yake.

"Mimi nafanya kazi ya meli miaka ishirini," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Kwa meli betri nakaa miaka kumi. Wewe naona meli?"

"Hapana, Bwana."

"Basi."

Ukaja mkasa wa viti. Mbao za viti ndizo zilizofunika betri, nazo zilikuwa na nyufa, hewa ikitokea humo. Kapteni akaona nyufa zinawafinya wageni. Akamwita seremala akaweka mbao mpya zilizobanana sawasawa, akazipigilia misumari, na juu yake akaweka mito ya ngozi. Ikawa kila nikienda lazima ning'oe misumari kwanza, na kila nikiondoka seremala anairudisha. Masanduku yale ya betri chini ya viti yalikuwa hayana pumzi hata kidogo.

Kila mwezi niliandika kwenye karatasi ya ukaguzi: Betri zote nane zibadilishwe pamoja. Mbao za viti zitobolewe matundu. Kila mwezi Kapteni alitia sahihi chini yake. Sijui kama alisoma au hakusoma, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Nakala ilibaki kwetu. Nilimlalamikia Gurmukh.

"Andika tena," akasema.

"Nimeandika mara tisa."

"Andika mara ya kumi. Mkono wako mgonjwa?"

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa Jumamosi. Kapteni alikuwa na wageni: dada yake aliyetoka Ulaya, shemeji yake, na muuguzi mmoja Mzungu wa hospitali ya misheni kule juu mlimani, ambaye sote tulimwita Sista. Kapteni aliagiza nije asubuhi nihakikishe mashua haizimi katikati ya ziwa, maana wiki moja kabla ilizima, Loishiye akapiga kasia mpaka gatini. Nilifika saa nne. Wageni walikuwa wameshakaa ndani, kikapu cha chakula kati yao. Jenereta ilikuwa ndiyo kwanza inazimwa.

"Imechaji tangu lini?" nikamuuliza Loishiye.

"Tangu jua linatoka. Bwana alisema ijae kabisa."

Nilishika ubao wa kiti. Ulikuwa wa moto. Nikainama, nikasikia betri zikitokota chini kama maharage jikoni. Misumari ilikuwa yote mahali pake.

Nikamwendea Kapteni. Nikamwambia, "Bwana, naomba nifungue viti kwanza, hewa itoke. Nusu saa tu."

"Hapana fungua. Wageni nangoja."

"Bwana, ile hewa—"

"Ingia," akasema.

Nikaingia. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, nikitafuta namna ya kuifanya ndefu zaidi, iwe na sababu ndani yake. Sababu zipo. Alikuwa Mzungu, mbele ya Wazungu, ndani ya mashua yake, na mimi nilikuwa Mmeru mwenye sanduku la spana. Yote hayo ni kweli. Lakini nilijua kilichokuwa chini ya vile viti kuliko mtu yeyote aliyekuwapo, na nilisema mara moja, nikaingia, nikakaa mbele.

Loishiye alikuwa nyuma kwenye usukani. Swichi ya mota ilikuwa chini ya kiti cha ubavuni, mwisho wake wa nyuma, pamoja na betri, yenye mkono wa shaba unaosukumwa kutoka mwendo wa polepole hadi mwendo wa kasi, na kila ukiusukuma ulitoa cheche ndogo ya buluu. Tulitoka gatini polepole. Tulipofika kama hatua mia kutoka ukingoni, Kapteni akainua kidole, ishara ya kuongeza mwendo. Loishiye akainama kusukuma swichi.

Sauti ilikuwa fupi, kama ubao mnene umepasuliwa kwa pigo moja la shoka. Kiti kile kiliruka. Moshi mweupe ukatanda, ukatukaba koo, na mota ikanyamaza. Dada yake Kapteni alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, mto wa ngozi umeanguka miguuni pake. Loishiye alikuwa chini, viganja vimefunika uso, anasema kwa Kimaa jambo ambalo sikulielewa.

Niliruka viti. Kasha la betri ya mwisho lilikuwa limepasuka vipande na tindikali yake ilikuwa usoni pake. Nikachukua kopo la kutolea maji mashuani, nikachota ziwani, nikammwagia. Alikuwa amekaza macho. Sista akafika akapiga magoti kwenye tindikali ile ile, akamlaza kichwa kwenye mapaja yake, akamfumbua kope kwa vidole kwa nguvu.

"Mwaga," akasema. "Usiache mpaka nikuambie."

Nikamwaga. Sijui ni makopo mangapi. Mkono ulikufa ganzi nikabadilisha mwingine. Loishiye alipiga teke ubavu wa mashua, akanishika shati likachanika, sikuacha. Wakati mmoja niliinua macho nikamwona Kapteni amekaa katikati na kasia mkononi, anapiga maji upande huu na upande ule kama kibarua, kofia imeanguka, hatazami mtu. Alitufikisha gatini, akamkokota Loishiye mwenyewe hadi kwenye gari lake, tukapanda mlima kwenda hospitali, mimi nimekaa nyuma na ndoo, namwaga njia nzima.

Jicho la kushoto halikupona. La kulia lilipona.

Nilikwenda kumwona siku ya tano. Alikuwa amekaa kitandani, bandeji imezunguka kichwa, jicho moja limeachwa wazi, jekundu. Nilimwamkia. Akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa. Tukaongea juu ya mvua na juu ya ng'ombe wake wawili walioachwa kwa mdogo wake. Halafu akaniuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukapanda."

"Bwana alisema tuingie."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Bwana ni bwana wa mashua," akasema. "Bwana wa betri nilidhani ni wewe. Mimi nilikutazama wewe, Fundi. Ulipokaa, nikasema basi, ni salama."

Nililia, na yeye akageuza uso upande wa dirisha ili asinione, jambo ambalo kwa mtu mwenye jicho moja linahitaji ageuke sana.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Wiki ya tatu tukaitwa ofisini kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya. Kapteni alikuwa amepeleka maelezo kwamba mtunza mashua alikuwa anavuta tumbaku karibu na betri. Mtu mwenye jicho moja, bado ana bandeji, alikuwa anatafutiwa kesi. Nilipomweleza Gurmukh, alivua aproni, akafungua kabati, akatoa rundo la karatasi za ukaguzi zilizofungwa kwa uzi. Akafunga chumba cha betri kwa kufuli mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, tukaenda pamoja.

Bwana Shauri aliniuliza nilichoona. Safari hii nilikuwa nimeamua kwamba maneno yatatoka yote.

"Bwana, Loishiye havuti," nikasema. "Ananusa ugoro. Ugoro hauwashwi moto. Kilichowasha ile hewa ni cheche ya swichi, na hewa ilikuwa nyingi kwa sababu viti vilipigwa misumari na betri kuukuu zilichajiwa tangu asubuhi."

"Na wewe fundi ulijua hatari hiyo?"

"Nilijua."

"Ulimwambia mwenye mashua?"

"Siku ile nilimwambia mara moja. Ilipaswa nimwambie mpaka anifukuze."

Gurmukh akaweka rundo mezani bila kuulizwa. Bwana Shauri alifungua uzi, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa na sentensi zilezile mbili kwa mwandiko wangu, na chini yake sahihi ileile. Alipofika ya nane akaacha kusoma, akamsukumia Kapteni rundo zima.

Kapteni hakuligusa. Alikuwa anatazama nje dirishani. Karani akaacha kuandika.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Fundi naambia mimi. Na boi hapana vuta."

Ikaandikwa kwamba ni ajali, hakuna mwenye kosa. Hakuna mwenye kosa! Jicho la mtu lilikuwa limetoka, na ofisi nzima ikashindwa kumpata aliyekosea, ilhali tulikuwa wawili na sote tulikuwa tumekaa pale pale. Nilitoka nje nikiwa na hasira ambayo haijaisha hadi leo. Lakini Loishiye hakushtakiwa, na kwa miaka ile, mbele ya meza ile, mjue kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Wiki iliyofuata yakaja maagizo kutoka Tengeru: betri nane mpya, zote za aina moja, zote pamoja. Mbao za viti zitobolewe. Yale yale niliyoyaandika, sasa yakiwa yameandikwa na yeye, kana kwamba yamemjia usingizini. Gurmukh alisoma akanikabidhi. "Ona," akasema, "Kapteni amegundua kitu." Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akitania.

Tulikwenda pamoja kuzifunga, na kazi ilituchukua siku mbili. Tulitoa zile kuukuu kwa kamba na ubao, maana kila moja ilitaka watu wawili. Tuliosha masanduku kwa maji ya magadi mpaka povu likaisha, tukasuuza, tukaacha yakauke juani. Tukabadilisha waya zote, kwani waya ulioliwa na tindikali unaonekana mzima kwa nje lakini ndani ni unga. Swichi tuliihamisha mbali na betri, tukaiweka juu mbele ya usukani. Betri mpya tulizipima zote kabla ya kuzifunga, na moja iliyokuwa nyuma ya wenzake tukaichaji peke yake hadi ikazifikia. Seremala alitoboa matundu chini ya mbao na juu. Misumari tuliitupa, tukaweka bawaba, ili mtu yeyote aweze kufungua kiti kwa mkono mmoja. Mistari ya haidromita tuliipima na kuiandika kwenye kibao. Nilipomaliza nilimwambia Gurmukh kwamba kazi hii ingefanyika mwaka mmoja kabla, siku mbili hizihizi, spana hizihizi. Akasema anajua, nisimwambie yeye.

Loishiye alirudi kazini mwenyewe. Kapteni alimwita, sijui walisema nini, Loishiye hakunieleza. Najua tu kwamba hakuombwa msamaha, kwa sababu nilimuuliza na akacheka.

Siku ya kuijaribu mashua nilikuwa pale. Betri zilikuwa zimechajiwa asubuhi, viti viko wazi. Kapteni alikuja na darubini shingoni, akaingia, akakaa, akasema, "Twende." Loishiye alikuwa amesimama gatini, kamba ya mashua mkononi, kitambaa cheusi kwenye jicho. Hakuifungua.

"Twende," Kapteni akarudia.

"Bwana," Loishiye akasema, kwa sauti ileile anayosemea habari za mvua, "Fundi bado hajasema."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye betri ya kwanza. Nikasubiri nisikie kelele, nisikie mtu anafukuzwa. Kapteni alimtazama Loishiye, akautazama uso ule kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali, nadhani. Halafu akaivua darubini shingoni, akaiweka kando yake kitini, akakunja mikono.

Nikaendelea na ukaguzi. Nilikaza kila nati, nikagusa kila kichwa cha betri, nikanusa kila sanduku, nikapima seli, vile vyumba vya ndani ya betri, moja baada ya moja, nikaandika. Nakiri mbele yenu wote kwamba nilikawia kuliko kazi ilivyohitaji. Ndege walikuwa wengi sana ziwani asubuhi ile, na Kapteni hakuwatazama hata mmoja. Nilipofunga kiti cha mwisho nilifuta mikono yangu polepole kwa kitambaa, nikasimama.

"Sasa twende," nikasema, na Loishiye akafungua kamba.